Udongo wa Ziwa la Barafu

Nyie vijana wa maabara mkipita hapa Makorora kunisalimia, shikamoo zenu nazipokea kwa furaha, ila maswali yenu yamenichosha. Baridi ilikuwaje, mzee? Dubu mweupe ulimwona? Jua halizami kweli? Basi nayajibu yote hapa tuyamalize. Baridi ilikuwa kali. Dubu nilimwona kwa mbali, nikashukuru kwamba ni kwa mbali. Na jua la kule wakati wa kiangazi huzunguka tu angani, haliendi kulala. Sasa nisikilizeni ninalotaka kusema mimi. Nataka kuwapa habari za mikono, maana kazi yetu hii ni ya mikono, na mimi yangu nusura niiache huko kaskazini.

Kwa wasionijua, naitwa Athumani, nilikuwa fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa bahari hapa Tanga mpaka nikastaafu. Mtafiti ndiye anayeuliza swali. Mimi kazi yangu ilikuwa kuyaandaa matope mpaka yaweze kulijibu. Ndani ya matope hayo kuna vimea vinavyoitwa dayatomu. Jicho tupu halivioni. Kila kimoja kimejijengea kijumba cha kioo, chenye mistari na vitundu vilivyopangwa mpaka unajiuliza nani alikuwa na subira hiyo. Kimea kikifa, kijumba kinabaki. Umewahi kuteleza juu ya jiwe pale ufukweni maji yakishakupwa? Utelezi ule kwa sehemu kubwa ndio hao.

Aliyenifundisha ni Bi Sigrid, mtu wa nchi za kaskazini ya mbali, aliyekuja kuchunguza vimea vya kwenye matope ya mikoko yetu. Mrefu, mkimya, anakunywa chai bila sukari, jambo ambalo mke wangu, Mama Rehema, hakuwahi kumsamehe. Alinikuta naosha chupa. Ndiyo kazi niliyoajiriwa nayo, kuosha chupa. Akasimama ananitazama, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe una mikono mitulivu. Njoo." Maneno hayo yamenilisha, yamenijengea nyumba hii mnayokuja kukaa barazani kwake, yamesomesha watoto wangu. Namwombea kheri kila ninapomkumbuka, na namkumbuka kila siku.

Hebu niwaambie namna ya kuandaa, hata kama mmeshaona kwenye video. Unachukua tope kiasi cha kijiko cha chai, unalipasha moto na dawa ile ya povu ya kuoshea vidonda, lakini yenye nguvu zaidi, mpaka uozo wote uishe kibaki kioo kitupu. Povu likipanda, usiliinamie. Mwenzangu mmoja aliliinamia, shati lake la kijani, jipya la Idi, likageuka la madoadoa. Kisha unajaza maji safi, unaacha vitulie chini, unamwaga maji ya juu polepole, unajaza tena, unarudia mpaka dawa yote iishe. Hapo ndipo wengi wenu mnaposhindwa. Mnamwaga kabla havijatulia. Ukimwaga mapema, umewamwaga wale wadogo kabisa, na mara nyingi hao wadogo ndio wenye habari.

Mwishoni unadondosha tone juu ya kioo chembamba kuliko ukucha, unaliacha likauke lenyewe. Usipulize. Usiongee juu yake. Usigonge meza. Mimi nilikuwa nikishadondosha natoka nje kabisa, nakwenda kunywa kahawa, kwa sababu najijua, nikibaki pale nitashika tu.

Na kila kitu kiwe safi. Hapa nitamcheka Bi Sigrid, na mwenyewe akisikia atacheka. Siku moja, kwenye msimu wetu ule wa kaskazini, alikuwa kwenye darubini, akaniita, sauti yake imebadilika. Kwenye matope ya ziwa la barafu ameona kimea kinachoishi kwenye maji ya chumvi ya joto peke yake. Hakula mchana. Naona alishaanza kuwaza jinsi atakavyowatangazia wenzake duniani. Jioni akainuka kutoka kwenye darubini, akatazama ukutani, akatazama dari, mwisho akaitazama miguu yake. Alikuwa amevaa viatu vyake virefu vya mpira, vilevile alivyokuwa akiingilia mikokoni hapa Tanga. Amesimama navyo ziwani wiki nzima. "Athumani," akasema, "nimeleta mgeni bila pasipoti." Tangu siku hiyo viatu vya Tanga havikuingia tena ziwani.

Mtaniuliza, mtu wa Makorora kaskazini ya barafu kafikaje? Ni yeye aliyenichukua. Alikuwa na ziwa lake moja huko, dogo tu, ambalo kwa miaka alikuwa akiomba ruhusa na msaada wa kwenda kulichimba matope ya chini. Alipopata, alikaribia kustaafu, na nafasi kama ile asingeipata tena. Kambi ilitaka fundi mmoja tu. Wenzake wakamwambia achukue kijana wa kwao aliyezoea baridi. Akasema anamtaka Athumani. Wakamwambia mtu wa pwani ya joto hatamaliza msimu. Akasema atamaliza, yeye mwenyewe anabeba dhamana.

Huku mtaani nako ikawa sherehe. Wakanisomea dua. Jirani akanipa koti la marehemu baba yake, zito ajabu, linanuka karafuu. Mama Rehema akanifungia halua na visheti, akasema, "Nenda, lakini urudi kama ulivyo, sitaki nusu."

Siku ya kwanza nilifika nikadhani hakuna mmea hata mmoja. Mawe, theluji kwenye mabonde, na vijani vya kutambaa chini. Nikasimama mahali pakavu kidogo nimpige picha Bi Sigrid. Akaniambia nisogee. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Umesimama juu ya msitu." Nikadhani ananitania. Akapiga magoti, akafunua majani kwa kidole, akanionyesha. Miti kweli, ina shina, ina matawi, ina maua, na haifiki kwenye kifundo cha mguu. Shina lake nene kama penseli, na pengine limenizidi umri. Imejilaza chini kukwepa upepo, inakua pale jua likiipa nafasi, halafu inasubiri. Niliinuka kwa adabu, nikaondoka msituni kwa kunyata.

Hata dayatomu za ziwani zina tabia hiyo ya kujua mahali pao. Kuna za kung'ang'ania mawe na zile za kukaa kwenye ukoga wa kingo. Barafu ikikawia kuyeyuka, maji ya wazi huwa ni ukanda mwembamba tu pembeni, kwa hiyo hao ndio wanaoishi. Kuna na za kuelea, ambazo zinataka ziwa lifunguke mapema. Miaka hii barafu ikiondoka mapema, wa kuelea wanaongezeka. Vijumba vyao vinazama tabaka juu ya tabaka, na ukiyachimba matope kwa bomba bila kuyavuruga, unasoma ziwa lilivyokuwa likifungwa na kufunguliwa tangu kale. Ndiyo habari aliyokuwa akiitafuta Bi Sigrid maisha yake yote. Na katikati ya yeye na habari hiyo kulikuwa na vidole vyangu hivi.

Vidole vyenyewe vikaanza kupasuka.

Hewa ya kule ni kavu, inakausha ngozi mpaka inachanika. Mchana kutwa nakwangua mawe kwa mswaki ndani ya maji ya barafu, kupata ule utelezi. Na kila wakati wa sala unapofika, kwa saa alizonipangia Maalim, mjomba wa mke wangu, kabla sijaondoka, kwa kuwa jua la kule halizami, natawadha kwa maji ya ziwa lilelile. Nyufa zikawa vidonda. Nikavificha. Nilivaa glovu hata mezani, nikisema nasikia baridi, jambo ambalo kila mtu aliliamini. Nilijua wakiviona, helikopta inayoleta chakula ndiyo itakayonirudisha, na nikirudi mimi, matope yote aliyoyachimba yule mama hayatakuwa na wa kuyaandaa. Tena dhamana alishaiweka yeye.

Siku moja kioo chembamba kikaniponyoka. Kikafuata cha pili. Cha tatu nilikishika, lakini tone la damu likaingia kwenye sampuli. Bi Sigrid alikuwa nyuma yangu.

"Vua glovu," akasema.

Nikavua. Akaenda kumwita daktari kwa redio. Daktari akasema vidole vifungwe, visiguswe na maji kabisa, hata ya moto. Helikopta ikija na hali iko vile vile, mgonjwa aondoke nayo, la sivyo anaweza kupoteza hisia za vidole moja kwa moja. Fundi wa dayatomu asiye na hisia za vidole ni mwosha chupa, na hata chupa zitamvunjikia.

"Maji ya kazi nitayashika mimi," akasema Bi Sigrid. "Na yale ya kutawadha?"

Amekaa Tanga, anajua. Nikamwambia hayo siwezi kuyaacha.

"Dini yenu haina njia ya mgonjwa?"

"Ipo," nikasema. "Tayamamu. Unajipangusa kwa udongo badala ya maji. Lakini hiyo ni ya mtu anayeumwa kweli."

Akavitazama vidole vyangu, akanitazama usoni. Hakubishana nami. Akachukua simu ya setilaiti, akanipa, akasema, "Mpigie Mama Rehema."

Alijua anachofanya yule mwanamke.

"Baba Rehema, mbona sauti yako inatoka kisimani?" Nikamweleza yote, la vidole, la glovu, la helikopta. Akasema polepole, "Nani kakwambia Mungu anataka vidole vyako?"

Hakungoja nijibu.

"Kakupa njia, wewe unaikataa. Huo ndio ucha Mungu, au ni ubishi wako tu ninaoujua mimi?"

Nikajitetea. Nikamwambia huku hakuna udongo mkavu. Chini kidogo ardhi imeganda, maji hayana pa kwenda, kila unapogusa ni majimaji au ukoga, na mawe yameoshwa hayana vumbi. Sisi tumefundishwa kwenye chuo cha Kurani kwamba lazima udongo uwe na vumbi. Vumbi pekee lililopo ni la matope ya ziwa yaliyokauka hemani, na mimi naujua undani wake. Nimeyatazama kwa darubini. Ni vijumba vya kioo vya vimea vilivyokufa, vimejaa tele. Nitajipaka vioo usoni niseme ni udongo?

"Subiri nikamuulize Maalim," akasema, akakata.

Maalim alikuwa akifundisha chuo hicho kule Ngamiani. Kesho yake simu ikalia.

"Maalim anauliza, ni safi?"

"Safi."

"Ukiupiga unatoa vumbi?"

"Unatoa."

"Watu wa huko wanauitaje?"

"Matope ya ziwa."

"Basi kasema ni udongo, tayamamu. Hapo Maalim kamaliza. Sasa nakuongezea langu. Huu udongo wa uani kwetu, ulipochimba shimo la choo ulikuta nini?"

"Matumbawe."

"Na matumbawe yalikuwa nini kabla hayajawa mawe?"

Ananiuliza mimi, mtu wa kituo cha bahari.

"Viumbe vya baharini vilivyokufa, si ndiyo? Na juu yake tumejenga, tumelala, tumezaa. Hukuuliza. Sasa tayamamu, usali, uniletee vidole vyangu nyumbani."

Vidole vyangu, alisema. Nilicheka peke yangu hemani, huku machozi yananitoka.

Sasa sikilizeni ninachotaka kukisema tangu mwanzo. Bi Sigrid hasali. Hajawahi kunificha hilo. Lakini siku ileile alichukua tope lililobaki, lile lisilo la sampuli, akalitandaza kwenye sahani ya bati juu ya jiko, akalikausha, akalisaga kwa mgongo wa kijiko mpaka likawa unga mweupe wa kijivu. Akaiweka sahani pembeni ya mkeka wangu. Kila siku akikuta limenyonya unyevu, alilikausha upya bila kuambiwa. Na mafuta ya jiko yalikuwa ya kupimiwa, yeye mwenyewe alikuwa akinywa chai ya vuguvugu ili yatoshe. Nimefanya kazi na watu wengi wa dini yangu, wema wengi. Lakini aliyenikaushia udongo wa kusalia ni huyu. Sijui nitamlipaje, wala hajawahi kuonyesha kwamba ananidai.

Nikapiga viganja kwenye sahani, nikapangusa uso, nikapangusa mikono juu ya vitambaa. Vumbi lile ni laini mno, linashika kwenye nyusi. Bi Sigrid akiniona natoka hemani na nyusi nyeupe anageuka upande wa pili ili asicheke mbele yangu.

Helikopta ilikuja. Daktari alikuwemo, akanifungua vitambaa, akanibonyeza ncha ya kila kidole akiniuliza kama nasikia. Nasikia. Kila kimoja nasikia. Wakashusha unga na viazi, wakaondoka bila mimi. Nilimaliza msimu, na matope yale niliyaandaa yote kwa mikono hii. Ziwa lilisomeka kama Bi Sigrid alivyotarajia, za kuelea zimejaa kwenye tabaka za juu, chini yake ni wale wa kingo tu. Alipohakikisha, hakushangilia. Alikaa kwenye kiti chake, akaniuliza kama halua imebaki.

Siku ya kuondoka alinipa kopo la kahawa, limefungwa kwa utepe wa gundi. Ndani mna udongo wa sahani yangu. "Hii si sampuli," akasema. "Ni yako." Nikaliweka juu ya kabati hapa nyumbani, likakaa miaka na miaka. Wajukuu wakiligusa nawafokea, hawajui kwa nini babu anagombania kopo la zamani.

Mwaka huu, masika yalipokolea, Mama Rehema alikuwa anakaanga bajia za kufuturia. Karai likamponyoka, mafuta yakamwagikia mikono yote miwili. Mama yenu huyu ana sukari, na kidonda cha mwenye sukari si cha kuchezea. Daktari akamfunga, akasema maji yasiguse kabisa, na vidole viwili vya mkono wa kulia hakuvipenda. Tusubiri, akasema. Mnajua maana ya daktari kusema tusubiri.

Adhana ya magharibi ilipolia nilimkuta ukumbini amekaa karibu na ndoo, anajaribu kuinua kata kwa viwiko.

"Unafanya nini?"

"Natawadha. Si mgonjwa sana."

Nikapiga magoti, nikaichukua kata. Nikamwambia, "Nani kakwambia Mungu anataka vidole vyako?"

Akanitazama. "Maneno yangu hayo."

"Ndiyo. Nimekutunzia."

Nikatoka uani kutafuta udongo. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa, uani pote ni tope, kuta zimelowa, hata chini ya banda la kuni hakuna pakavu. Nikasimama pale nimeroa, ndipo nikakumbuka. Nikarudi ndani, nikapanda juu ya stuli, na magoti yangu haya, nikalishusha kopo.

Udongo ulikuwa mkavu kama siku Bi Sigrid aliponipa. Nikapiga viganja, nikampangusa uso, paji, mashavu, kidevu. Nikapiga tena, nikampangusa mikono juu ya bendeji, taratibu kama nashika kile kioo chembamba. Nyusi zake zikabaki nyeupe.

"Umenipaka vioo vyako," akasema.

"Ni udongo. Maalim alishasema."

Akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akasema nisogee, wakati unapita.

Tumefanya hivyo mpaka masika yakaisha. Bi Sigrid nilimpigia, magoti yake ni mabaya kuliko yangu, akasikiliza habari yote, akauliza swali moja tu, kama ule udongo umetosha. Nikamwambia umetosha. Akasema, "Vizuri," na nikasikia anapenga kamasi.

Juzi daktari amemfungua bendeji. Amebonyeza kidole baada ya kidole, na mimi nimesimama pembeni nimebana pumzi kama mtu anayeogopa kupulizia tone. Kila kidole Mama Rehema anasema nasikia. Vyote vipo. Tulipofika nyumbani alichukua kata mwenyewe, akachota maji, akatawadha polepole, anayaacha yapite kwenye vidole kama mtu anayesalimiana na ndugu zake.

Nikabaki na kopo mkononi. Umebaki udongo kidogo tu chini.

"Lifunike vizuri ulirudishe juu," akaniambia akijipangusa uso. "Bado tunazeeka."